Damu ya Mtu Aliyekula

Pale maabara wananiita Bwana Kataa, na jina hilo sijawahi kulikana. Sampuli isiyo na jina, nakataa. Kichupa kilichojazwa nusu, nakataa. Damu iliyorushwarushwa njiani mpaka chembe zake zikapasuka, nakataa hata kama mwenyewe ni mkwe wa mganga mkuu. Nina muhuri wa mpira wenye neno IMEKATALIWA, na katika miaka ishirini na tisa nimeubadilisha mara nne kwa kuchakaa. Wauguzi wakiniona kwenye foleni ya chai hunyamaza, nikishapita huanza tena kunisema. Waseme tu. Namba ya uongo ni mbaya kuliko kukosa namba, kwa sababu mtu ataishika na kuiamini.

Kipimo ninachokilinda kuliko vyote ni kile cha uvunjikaji wa mfupa. Watu hudhani mfupa ni kitu kilichokwisha kujengwa, kimetulia humo mwilini kama nguzo. Si kweli. Kila siku mfupa unabomolewa upande mmoja na kujengwa upande mwingine, na vipande vya ule ubomoaji huingia kwenye damu. Sisi kazi yetu ni kuvipima. Vikizidi, maana yake wabomoaji wamewashinda wajenzi. Tatizo la kipimo hiki ni kwamba kina deko. Lazima damu itolewe asubuhi, na mtu awe hajatia kitu mdomoni tangu usiku. Akila tu, ubomoaji unapumzika kidogo na namba inashuka, pengine hata theluthi nzima, na yeye hajapona chochote.

Hayo nimeyasema kazini, nimeyasema harusini, nimeyasema mezani kwangu mpaka watoto wetu wakahama nyumba wakiwa wameyakariri. Mke wangu alikuwa hanisubiri nimalize.

"Tumejua, tumejua," angesema huku anapakua. "Aliyekula anadanganya."

Mke wangu ni fundi cherehani. Cherehani yake iko chumba cha mbele, karibu na dirisha, na watu wanaokuja kupimwa husimama palepale kwenye zulia huku yeye akiwazunguka na futi shingoni, pini mdomoni, akiwasema bila huruma. "Nyosha mgongo, mama. Gauni halishonwi kwa ajili ya mtu aliyekunjika." Mwaka jana alifungua lile dirisha lililogoma, akalipiga na kiganja, kifundo cha mkono kikavunjika. Dirisha tu. Akacheka, akasema mkono wake umekuwa wa mdoli. Mimi sikucheka.

Daktari wa mifupa, mama mmoja wa sauti ya chini asiyependa maneno mengi, alitazama picha, akaagiza kipimo. Damu nilimtoa mimi mwenyewe. Ikaja mia nane na arobaini, yaani zaidi ya mara mbili ya ile tunayoitaka kwa mwanamke wa umri wake. Daktari akatuketisha wote wawili.

"Tunaanza na kidonge cha mara moja kwa wiki," alisema. "Baada ya miezi mitatu tunapima. Namba ikishuka vizuri tunaendelea. Isiposhuka namhamishia kwenye sindano, na sindano ninazo, hazina shida. Mimi nataka namba ya kweli tu."

"Namba ya kweli utapata," nilisema, na nakumbuka nilivyojivuna.

Tulipofika nyumbani mke wangu akatangulia mlangoni. Akiwa na ufunguo mkononi akaniambia, "Nina ombi moja tu. Nisilale kama mama."

Sikuhitaji kuuliza. Mama mkwe alivunjika nyonga, akalala chali miezi kumi na mmoja katika chumba chetu cha nyuma. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimgeuza kila baada ya saa mbili, akimwosha, akimpaka dawa kwenye vidonda vya mgongoni vilivyokuwa vikubwa kuliko kiganja. Mwishoni yule mama alikuwa akimwomba binti yake amsamehe kwa kutokufa. Nilimwambia mke wangu, "Hutalala." Nilisema hivyo kwa sauti ileile ninayosemea kazini.

Kidonge chenyewe kilikuwa na masharti yake. Kila Jumatatu alfajiri, tumbo tupu, glasi nzima ya maji, halafu ukae wima nusu saa bila kujilaza, la sivyo kinachoma koo. Jumatatu ya kwanza nilichelewa kazini nikamsimamia na saa mkononi. Jumatatu ya pili akanifukuza. "Mimi si sampuli yako," alisema. "Nenda kazini." Nami hutoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo nikaenda.

Miezi mitatu ikaisha. Akaja maabara saa tatu asubuhi, amevaa gauni lake la kijani, amejipaka poda, utadhani amealikwa mahali. Nikamfunga mpira kwenye mkono, nikamuuliza kama ninavyomuuliza kila mtu.

"Umekula?"

"Nile, unigongee muhuri?"

Mama Zamu alicheka mpaka akashika meza. Mama Zamu ni mwenzangu wa miaka kumi na sita, mpana wa mwili na mpana wa mdomo, na ndiye pekee pale maabara asiyeniogopa. Mke wangu akashuka ngazi taratibu, huku ameshika ukuta. Mimi nikatia kichupa kwenye mashine ya kuzungusha damu.

Damu ikizungushwa, chembe nyekundu huzama chini na maji yake hubaki juu. Kwa mtu aliyefunga tangu usiku, yale maji huwa maangavu, ya rangi ya majani makavu, unaona kidole chako upande wa pili. Mtu aliyekula mafuta, yake huwa na ukungu. Si jambo la kusomea. Mfagiaji wetu analijua.

Ya mke wangu yalitoka kama maji yaliyooshewa mchele.

Mama Zamu alikuwa amesimama begani kwangu. "Hii si ya kukataa hii?" akauliza. "Ya nani?"

"Huyu ana mafuta kwenye damu," nikasema. "Umri."

Akainama, akasoma lebo. Akanitazama. Kisha akaenda kwenye sinki kuosha mikono ambayo ilikuwa safi.

Muhuri ulikuwa pale, sentimita chache kutoka kwenye mkono wangu. Sitasema sikuuona. Nilijua kwamba nikikataa, atarudi kesho, na kesho huenda namba ikawa kubwa. Hilo sikulisema hata moyoni, lakini mkono wangu ulilijua. Nikatia maji yale kwenye friza pamoja na mengine yaliyokuwa yakingoja sahani ya kupimia, yenye visima vidogo vya sampuli nyingi, ijae, maana kipimo hiki hakifanywi kwa mtu mmoja mmoja. Alhamisi tukakifanya. Mia tano na thelathini.

Nilirudi nyumbani na karatasi kifuani. Nilimkuta kwenye cherehani, nikamsomea kwa sauti, nikapiga vigelegele mimi mwanamume mzima mwenye mvi, nikaizunguka meza ya kukatia nguo nikicheza. Yeye aliweka viganja mashavuni, akawa ananitazama mimi, si karatasi. Akacheka mpaka akajishika mgongo. Niliona alivyojishika mgongo. Nikaendelea kucheza.

Daktari naye akafurahi kwa namna yake. "Imeshuka zaidi ya theluthi," alisema. "Dawa inafanya kazi. Endelea."

Miezi sita, vivyo hivyo. "Umekula?" "Nile, unigongee muhuri?" Maji ya damu yakatoka na ukungu uleule. Safari hii Mama Zamu hakuuliza kitu, na mimi sikumngoja aulize. Mia tano na kumi. Wiki hiyohiyo nilimkataa mzee mmoja aliyetoka mbali, kwa sababu alikunywa chai ya maziwa kituoni. Alinisihi sana. Nikamwambia kanuni ni kanuni, nikamgongea muhuri.

Mwezi wa tisa wa dawa, Jumanne mchana, mke wangu alikuwa amesimama mbele ya meza yake ya kukatia. Akageuka kuchukua mkasi. Basi. Hakuteleza, hakujikwaa. Mteja aliyekuwa amekuja kuchukua gauni lake alinieleza mara mbili, akilia, kama vile namlaumu. "Nilisikia mlio kwanza, baba. Mlio, ndipo akaanguka."

Nilimkuta wodini amelazwa chali, mguu wa kushoto umekuwa mfupi kuliko wa kulia na kidole gumba kimetazama nje. Hata asiyesoma angejua ni nyonga. Walimwambia asile kitu tangu jioni ile, huenda akapasuliwa asubuhi. Akanituma nyumbani nikamletee gauni la kufungua mbele.

Nilifungua kabati lake, nikatoa gauni la kijani kwanza, kwa kuwa ndilo ninalolijua. Pindo lilikuwa limepandishwa. Nikaligeuza: ndani kulikuwa na alama ya pindo jingine lililofumuliwa, kisha tena alama nyingine, kila moja na vitundu vya sindano. Nikatoa la maua. Hivyo hivyo. Nikatoa yote nikayatandaza kitandani. Nikachukua futi yake nikapima: inchi tatu. Mke wangu alikuwa akipungua urefu, na kila alipopungua alipunguza magauni, ili machoni pangu pindo likome palepale lilipokuwa likikoma siku zote. Kwa ufundi alioufanya, hata wewe usingeona.

Gauni la kufungua mbele lilikosa kifungo kimoja. Nikavuta kopo lake la vifungo nikalimwaga mezani. Vifungo vya shati, vya koti, vya watoto, na katikati yake vitu vyeupe, vidogo, vya duara, visivyo na matundu. Nikavitenga kimoja kimoja. Vilikuwa vidonge thelathini na vinne.

Nilikaa kwenye kiti chake cha cherehani kwa muda. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia daktari, nikamkasirikia Mama Zamu kwa kwenda kunawa mikono. Nilipomaliza kuwakasirikia wote nikabaki mwenyewe. Nikashona kile kifungo, vibaya, nikarudi hospitali. Nilimkuta amechomwa dawa ya maumivu na amelala.

Asubuhi daktari aliagiza kipimo kirudiwe. Mfupa ukivunjika, namba hupanda yenyewe baada ya muda, lakini siku ya kwanza bado huwa inasema kweli. Nilimtoa damu hapohapo kitandani. Sikumuuliza kama amekula. Nikaenda kuzungusha, nikainua kichupa dirishani. Maji yalikuwa maangavu, safi, ya rangi ya majani makavu. Nikaona kidole changu upande wa pili. Mama Zamu alikuja akasimama begani kwangu kama zamani, akaweka mkono wake mgongoni pangu. Sikungoja Alhamisi. Niliyayeyusha maji yaliyokuwa kwenye friza, nikaijaza sahani kwa yaliyokuwepo, nikaifanya saa ileile. Kisima chake kilikuwa cha manjano iliyokoza kuliko vyote.

Mia tisa na kumi.

Daktari aliisoma ile karatasi akiwa amesimama korido. "Sielewi," alisema. "Kwa zile namba mbili zilizopita sikuwa na sababu ya kubadilisha dawa."

"Zile mbili hazikuwa za kweli."

"Mashine?"

"Hapana. Alikuwa amekula. Maji yalikuwa na ukungu, nikayapitisha."

Akafungua faili. Akazitazama zile karatasi mbili, na chini ya kila moja saini yangu, ile ninayoiandika kwa madaha. Akanitazama usoni.

"Wewe?" alisema. Neno moja tu, na sijapata kutukanwa kuliko pale.

Kisha akanieleza, polepole, akiangalia faili. Ametazama picha. Mfupa umekuwa mwepesi mno, skrubu hazitashika, itakuwa kama kupigilia msumari kwenye mkate. Na moyo wenyewe, kwa kipimo cha jana, hauwezi kuvumilia dawa ya usingizi. Hatapasuliwa.

"Na sindano?" nikauliza.

"Nitampa. Lakini sindano haiungi nyonga. Ilikuwa ni ya kuzuia haya."

"Kwa hiyo atalala."

"Atalala," alisema. Akaongeza kwamba muuguzi atanifundisha namna ya kumgeuza. Nikamwambia naijua. Kila baada ya saa mbili.

Nilipoingia wodini, walikuwa wameshamruhusu kula na kumwekea chai na mkate kwenye kistuli, lakini hakuna aliyemsaidia kujiinua. Nikatoa mfukoni kifurushi cha karatasi nilichokuja nacho kutoka nyumbani, nikakifungua kando ya kikombe. Vidonge thelathini na vinne. Akavitazama.

"Ulikuwa unatafuta kifungo," akasema.

"Nilikuwa natafuta kifungo."

"Ungechukua cha koti la baba. Kile cheusi kingefaa."

"Kwa nini?" nikasema. Nilitaka kuiweka sauti chini ikanishinda. "Kwa nini, mama watoto? Sindano zipo! Alisema zipo, hazina shida, ilikuwa useme tu!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeukia ukutani kutupa nafasi.

"Kilikuwa kinanichoma," alisema mke wangu. "Hapa kifuani, siku tatu kila nikimeza. Nikaacha. Nikasema nikienda kupimwa namba itasema yenyewe, sina haja ya kusema mimi."

"Sasa mbona ulikula?"

Alifikiri. Mke wangu hajibu swali kwa haraka ili limwondoke. "Asubuhi ile niliingiwa na hofu. Mama alipoambiwa mifupa yake mibaya, tulianza kumtazama kama mgonjwa kabla hata hajaanguka. Tukimfuata mpaka chooni. Nikaona mayai yapo, siagi ipo. Nikasema acha nile, nijipatie miezi mitatu ya kutotazamwa. Mitatu tu, halafu nitasema. Halafu wewe ukaja na ile karatasi ukapiga vigelegele." Alifumba macho. "Ulicheza, baba watoto. Hukuwa umecheza tangu harusi ya kifungua mimba wetu. Ningekwambia saa ngapi?"

Nikakunja tena ile karatasi na vidonge vyake.

"Na wewe je?" akauliza, macho bado yamefumba. "Wewe si huwa unaona?"

"Naona nini?"

"Mtu aliyekula."

Mtu mwingine yeyote ningemdanganya. "Niliona," nikasema.

"Mara zote mbili?"

"Mara zote mbili."

Akaitikia kidogo kwa kichwa, kama anavyofanya mteja wake anapokubali kwamba ni yeye aliyenenepa, si gauni lililosinyaa. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akanipapasa mkono kwa vidole viwili, kwa kuwa kujinyoosha zaidi kulimuuma. Tulikaa hivyo mpaka mhudumu akaja kuulizia kikombe, nikamwambia bado.

Nikamwambia na lile la daktari, kwamba hatapasuliwa. Nilimwambia lote, bila kupunguza. Alilitazama dari. Lilikuwa dari la mbao zilizopakwa chokaa, lenye doa la maji pembeni, na nikajua kwamba ameshaanza kulizoea.

"Na ya leo imekuja ngapi?" akauliza.

"Mia tisa na kumi."

Yeye anazijua namba hizi kuliko wauguzi wengi. "Hiyo kubwa."

"Kubwa."

"Lakini leo sikuwa nimekula." Aligeuza uso akanitazama, na sauti yake ikawa ile anayoitumia kwa mteja aliyekata tamaa na kitambaa kilichoharibika. "Si ni kwa sababu sikula? Si ndivyo unavyosema siku zote? Mtu asipokula inapanda?"

Miaka ishirini na tisa nimewasahihisha watu kwenye jambo hili. Nimewasahihisha madaktari mbele ya wagonjwa wao. Najua ni namba gani iliyo ya kweli na ni ipi ya uongo, na najua inavyotamkwa.

"Ndiyo," nikasema. "Ni kwa sababu hukula."

Nikamega mkate, nikauchovya kwenye chai, nikamlisha akiwa amelala vilevile chali. Alitafuna taratibu. Alimeza. Akafungua mdomo nikamwekea kipande kingine.

"Basi kesho nipime tena," alisema. "Nitakula vizuri."

"Sawa," nikasema, nikamfuta chai iliyomtiririkia shingoni. "Nitakuja saa tatu."